Waya wa Pontien

Jua lilikuwa linazama kijijini Sibwesa pale Odeta na shemeji yake Arcade walipofika kwenye ghala la mpunga, wamebeba ngazi. Walikuja kushusha king'ora cha wezi.

Pontien, mume wa Odeta, ndiye aliyekuwa anakifunga. Alianguka kutoka kwenye ngazi hiyo hiyo, kengele ya kanisa ikigonga ya jioni, akafa kabla padri hajafika. Alizikwa nyuma ya ghala. Tangu hapo, siku nane, king'ora kililia kila jioni kengele ikigonga. Kisimani jirani yao Vénérande alisema mbele ya watu kwamba Odeta amemfanya mumewe msukule, maiti aliyetolewa kaburini kutumikishwa. Kesho kungekuwa na kikao cha kijiji. King'ora kikilia tena, Odeta angefukuzwa kijijini na watoto wake watatu.

Arcade alipanda, akatoa koleo, akashika waya.

"Usikate, shemeji," Odeta alinong'ona. "Anza na betri."

Marehemu alimweleza mara nyingi wakila. Waya unaotoka kwenye boksi la ndani ndio unaokipa king'ora umeme, na ndio unaokituliza. Mwizi akiukata, kinalia chenyewe kwa betri iliyo ndani yake.

Arcade akafungua kifuniko. Akachungulia ndani.

"Shemeji... humu hamna betri."

Akauvuta waya. Ukaja wote, mwepesi. Ule upande wa pili haukuwa umeunganishwa popote. Pontien alianguka kabla hajamaliza.

Odeta akakumbuka mazishi. Ndugu walitaka kumzika Pontien na suti. Yeye alikataa, akasema mwacheni na koti lake la kazi. Mfuko wa kushoto ulikuwa mzito. Alidhani ni bisibisi. Hakutazama.

Kengele ikagonga.

Arcade alikuwa amekishika king'ora mikononi. Kilikuwa baridi, kimya.

Kilio kikaanza.

Kilitoka nyuma ya ghala. Chini. Kama mtu anayelia huku mdomo umefunikwa. Harufu ya udongo mbichi ikawafikia.

"Betri tumemzika nayo, mfukoni," Odeta alisema.

"Betri peke yake hailii," Arcade alisema polepole. "Haiwezi kulia."

Odeta alichukua waya, akaenda kaburini, akapiga magoti. Akasukuma ncha moja kwenye udongo chini ya msalaba, ncha nyingine akaishika mkononi. Akasali: Raha ya milele umpe, ee Bwana...

Kilio kikakatika.

Kikao hakikukaa. Vénérande naye alisikia sauti ikitoka kaburini, na msukule hakai kaburini; siku hizi akimwona Odeta, anainamisha kichwa na kupita.

Kila jioni Odeta yuko pale kabla ya kengele, na rozari mkono mmoja, ncha ya waya mkono wa pili. Padri alimwambia ni huzuni, itapita. Anamheshimu padri.

Lakini juzi alikuwa na homa, akachelewa kidogo. Ule waya ulikuwa mrefu kama kamba ya kufungia ng'ombe.

Alikuta umevutwa chini, kaburini. Juu ya udongo imebaki shibiri moja.