Ada ya Bima na Jogoo wa Jabiri

"Kwaluguru nzima hakuna anayeijua bima kunishinda mimi!"

Aliyesema hivyo ni Jabiri, akipukuchua mahindi uani na mkewe, Swaumu. Masika yale mvua ilikuja vizuri, mahindi yakajaa hadi chini ya kitanda. Kabla ya kupanda, Jabiri alikuwa amekata bima ya mazao dhidi ya ukame, akalipa ada yake.

"Sasa mbona umemfunga jogoo miguu?" Swaumu aliuliza.

"Kesho naenda Korogwe kuchukua zamu yangu ya bima."

Kwenye upatu wa kijijini kwao kila mtu huchanga, na kila mtu hufikiwa na zamu ya kubeba fungu lote. Anayepokea humpelekea mweka hazina jogoo wa shukrani. Basi Jabiri aliona bima ni upatu uleule, ila wa watu waliovaa viatu.

Kesho yake alifika Manundu, mjini Korogwe, kwa Paulina, wakala wa bima. Jirani yake wa kijijini, Bi Faudhia, alikuwa hapo tayari, amekuja kulipia shamba lake bima ya vuli.

"Nimefuata zamu yangu," Jabiri alisema, akimweka jogoo mezani. "Na huyu ni wako."

Jogoo akawika. Paulina hakucheka.

"Baba, bima haina zamu. Ulicholipa ni ada, yaani bei ya kinga. Nyani wakisumbua shamba, si unaweka mlinzi?"

"Naweka."

"Msimu ukiisha nyani hawajaja, unamdai akurudishie ujira?"

"Nitamdaije, na alilinda?"

"Na sisi ndivyo. Ukame ungekuja, ungelipwa fidia. Haukuja, ada hairudi. Msimu umekwisha na kinga imekwisha. Vuli ina ada yake."

"Mbona shemeji yangu wa Lushoto analipa ndogo?"

"Kule mvua haikatiki ovyo. Hatari ikiwa kubwa, ada hupanda."

"Mmekula pesa yangu, sasa mnanilisha maneno!" Jabiri alimkwapua jogoo wake, akaondoka bila kulipa.

Vuli ilianza kwa mvua nzuri. Mahindi yalipotoa maua, ile mbelewele, mvua ikakatika. Majani yakajikunja, kisha yakakauka. Debe la mwisho la mahindi likaisha. Hata jogoo akauzwa.

Ikram, binti yao mdogo, alikuwa akirudi kutoka shule na kwenda kulala bila kuulizia chakula. Huko kutoulizia ndiko kulikomchoma baba yake.

Siku moja Bi Faudhia aliingia na unga kwenye ndoo.

"Shikamoo, mama," Jabiri alisema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Mpikieni mtoto. Nimelipwa fidia."

"Una bahati, mama."

"Bahati gani? Shamba langu limekauka kama lako. Mimi nililipa ada mvua ikiwa bado inanyesha."

Bi Faudhia alipoondoka, Swaumu alimgeukia mumewe. "Mlinzi hatafutwi nyani wakiwa shambani, baba Ikram."

Kabla ya masika waliuza mbuzi, Jabiri akarudi Manundu. Safari hii aliuliza kwanza. Kinga ni ya hatari gani? Inaanza lini? Inaisha lini? Alipoelewa, ndipo akalipa ada.

Masika yale nayo mvua iligoma. Wataalamu wakapima ukame, na fidia ikaja. Haikumtajirisha mtu. Ilinunua unga, ikanunua na mbegu za kupanda tena. Ikram akaanza kuchungulia sufuria kabla ugali haujaiva, na hakuna aliyemkaripia.

Wakulima wengine walipoitana kujifunza bima, Jabiri alikuwa wa kwanza kusimama.

"Jamani, ada ya bima si akiba, wala si upatu. Ni bei ya kinga kwa msimu mmoja. Janga lisipokuja, mshukuruni Mungu, msidai. Mimi hilo nililijua tangu siku ya kwanza!"

Bi Faudhia alijikohoza pale mkekani.

"Jabiri mwanangu, na yule jogoo aliyewika ofisini Manundu, ulimpeleka kukata bima?"