Pajama ya Bosi

Kila siku nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuokota pini. Nilivua sare, nikala nilichowekewa, kisha nikachukua sumaku iliyofungwa kamba na kuiburuta chini ya cherehani mbili za Mama, huku na huku, mpaka pini zote zilizoanguka zishike. Sebule yetu ndiyo iliyokuwa karakana yake. Mgeni aliyevua viatu mlangoni alirudishwa akavivae, hata kama alifikiri anatuonyesha adabu.

Aliyetembea peku humo ndani ni mmoja tu, mdogo wangu wa miaka miwili na nusu. Tulimwita Bosi kwa sababu aliamrisha nyumba nzima. Akisema "kaa", Bibi anakaa. Akisema "toka", mimi natoka na daftari zangu. Mchezo wake ulikuwa kupiga magoti na kusukuma vibiringo vya uzi vilivyokwisha, akinguruma, akidai ni malori. Bibi, mama mzazi wa Mama, ndiye aliyemlea mchana kutwa wakati Mama akishona.

Kabla ya kushonea nyumbani, Mama alifanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha nguo, na alitoka huko na sheria moja isiyochezewa. Sindano ikivunjika, kazi inasimama. Vipande vyote vinatafutwa na kupangwa kwenye karatasi mpaka sindano ionekane nzima, ndipo mpya inafungwa. Kipande kimoja kikikosekana, nguo inafumuliwa. Hata iwe ya bibi harusi, alikuwa akisema, na hata bibi harusi mwenyewe awe amesimama mlangoni.

Baridi ilipoanza mwaka ule, suruali ya pajama ya Bosi ilikuwa imeishia chini kidogo ya magoti. Mama alizidiwa na sare za shule, hakuwa na nafasi hata ya kujikuna. Akanipa kipande cha flana ya buluu kilichobaki kwenye kazi ya mteja, akaniambia nimshonee mdogo wangu pajama mpya. Nikate mwenyewe na nishone mwenyewe, yeye ataiona ikishakwisha. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na mpaka siku hiyo nilikuwa nimeaminiwa vifungo na pindo tu. Kichwa kilinivimba.

Nilianza Jumatano, na Ijumaa alasiri koti lilikuwa tayari na suruali imeshatiwa lastiki. Hapo ndipo ujanja uliponijia. Kwa kuwa Bosi alimaliza suruali zake zote magotini, niliamua kuongeza kitambaa cha pili juu ya kila goti. Mama hakuniambia nifanye hivyo. Lilikuwa wazo langu, na nilitaka alikute kwenye nguo akirudi kutoka kupima watoto wa shule.

Goti la kulia lilienda vizuri. La kushoto lilipita juu ya mshono wa pembeni, mahali penye kitambaa kingi, na cherehani ikawa nzito. Mama alinikataza mara mia kuvuta kitambaa kwa nyuma. Nikavuta. Ikalia "tak", na sindano ikavunjika.

Kipande cha juu kilibaki kwenye cherehani. Cha kati nilikiona mezani. Ncha sikuiona. Niliipitisha sumaku sakafuni mara mbili, nikaipitisha mezani na kwenye sketi yangu. Kwenye suruali sikuipitisha, na nitasema kwa nini, maana hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo. Niliogopa ingeshika. Ingeshika ningelazimika kulifumua goti lote, na Mama alikuwa njiani.

Nikafunga sindano mpya, nikamaliza mshono, vile vipande viwili nikavitupa chooni. Mama alipoingia, Bosi alikuwa ameshavaa na anajizungusha kama mtu aliyealikwa mahali. Mama alipapasa yale magoti, akacheka, akaniita fundi. Nilicheka pia.

Asubuhi ya Jumamosi Bosi hakukubali kuvua pajama yake. Mama alikuwa amepeleka sare, na mimi nilikuwa naosha vyombo nyuma ya nyumba. Nikasikia malori yakinguruma, kisha kelele. Nilipofika, Bibi alikuwa ameshamwinua na kumpakata. Alisema hajui kimemsibu nini, alikuwa akisukuma vibiringo vyake tu, mara akapiga yowe. Juu ya goti la kushoto palikuwa na doa jekundu dogo, ungedhani ameumwa na kiroboto.

Nilisema suruali imechafuka, nikaivua na kwenda nayo uani. Huko nilipitisha sumaku kwenye goti, nje na ndani. Haikushika kitu. Nilisimama na ile suruali mkononi nikijiambia kwamba kumbe ncha haikuwamo, lazima iliangukia mahali pengine. Moyoni nilijua ilipo.

Kufikia jioni Bosi hakuwa anatembea. Mama alimsimamisha, naye mtoto akakunja mguu na kukaa chini. Ndipo Mama akamgeukia Bibi.

"Mama, niambie ukweli tu. Mtoto alianguka?"

Bibi alisema hapana, alikuwa amekaa naye palepale. Mama akauliza tena, na mara ya tatu aliuliza kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akimsemesha nayo mama yake. Alisema mtoto mzima hawezi kuacha kutembea hivihivi, na kama Bibi alisinzia ni heri aseme ili wajue pa kuanzia. Mimi nilikuwa nakunja nguo pembeni, nikaendelea kukunja.

Jumapili homa ilipanda. Jumatatu walimpeleka zahanati, wakapewa dawa ya homa na ya maumivu, wakaambiwa wasubiri. Nilipotoka shule goti lilikuwa limevimba na limewaka moto. Bosi hakuamrisha mtu yeyote. Alilala ubavu akitazama ukuta, na ukimgusa alilia bila sauti.

Bibi hakuwa akimbeba tena. Alikaa kwenye benchi mbali naye, mikono mapajani. Nilimpelekea chai, naye akanishika kiganja.

"Mjukuu wangu, nadhani kweli alianguka," akasema. "Nimewaza sana tangu juzi. Kama vile namwona akitoka hapa kwenye benchi, anaangukia goti. Itakuwa nilisinzia. Mama yako hajakosea."

Nilijua hakuanguka. Nilijua kwamba Bibi anakumbuka kitu ambacho hakikutokea, na anakikumbuka kwa sababu yangu. Ningeweza kusema maneno matano tu. Niliogopa mno, nikamwambia anywe chai isije ikapoa.

Jumanne hatukungoja zahanati tena. Tulienda hospitali kubwa, Mama akiwa na Bosi mgongoni na mimi na mfuko wa nguo. Daktari alikuwa mama wa makamo asiye na maneno mengi. Alilibonyeza goti, akamtazama Bosi usoni, akaanza kuuliza. Aliwahi kuumwa hivi? Aliumwa na mdudu? Alichomwa na kitu chochote? Mama alijibu hapana kwa yote. Alisema mtoto alianguka kutoka kwenye benchi, bibi yake alikuwa amesinzia, na mwenyewe amekiri.

Daktari akaandika. Akasema kwa kuwa ni kuanguka na kuna homa, anahofia usaha umeingia kwenye mfupa wa paja. Wataanzia huko juu, na itabidi alazwe. Alipokuwa akiinuka kumwita muuguzi, nikasikia sauti yangu.

"Hakuanguka. Ana ncha ya sindano gotini. Mimi ndiye niliyeivunja."

Nilieleza yote, goti la kitambaa maradufu, sumaku, choo. Nilieleza nikitazama meza ya daktari kwa sababu sikuweza kumtazama Mama. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu ni lini, nikasema Ijumaa, na kwamba ilimchoma Jumamosi. Alihesabu siku kimoyomoyo, akafuta alichoandika, akaandika upya. Picha ilipigwa saa ileile. Kwenye ile picha nyeusi, pembeni mwa mfupa wa goti, palionekana kijistari cheupe chenye urefu wa punje ya mchele.

Walimpasua mchana. Daktari alipotoka alimwambia Mama kwamba ncha ilikuwa imekaribia kabisa kuingia kwenye kiungo. Ingeingia, goti lingekauka, na mtoto angekua na mguu usiokunjika. Mama aliketi sakafuni pale ukumbini. Hakunipiga. Ningeona afadhali angenipiga.

Tulikaa hospitali siku sita, na Bosi alirudi nyumbani na bandeji kutoka pajani mpaka kwenye ugoko. Mama alikuwa ameshamwambia Bibi kila kitu. Mimi pia nilienda nikapiga magoti mbele yake na kumwomba radhi. Bibi alinishika kichwa, akasema yamekwisha.

Wiki ya tatu bandeji ilitolewa, na siku hiyo Bosi alitembea kutoka cherehani ya kwanza mpaka ya pili. Alichechemea, lakini alifika. Akamnyooshea Bibi mikono na kumwamuru ambebe. Bibi aliinuka, kisha akasita. Alimtazama Mama, akangoja.

"Mbebe, Mama," Mama akasema. "Mbebe, ni wako." Ndipo Bibi akambeba.

Jioni ile Mama aliniita nikae naye kwenye benchi. Hakuwa ameniruhusu kugusa cherehani tangu siku ile, nikadhani anataka kuzungumzia hilo.

"Sindano kuvunjika si kosa," akasema. "Zangu zinavunjika kila mwezi. Hata kuvuta kitambaa ningekugombeza saa moja yakaisha. Lakini ulinyamaza siku nne, na kosa likatafuta mtu mwingine wa kulibeba. Nami nikamtwika mama yangu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati bado ni lako peke yako. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa.

"Umeona alivyonitazama kabla ya kumbeba mtoto?"

Nikasema nimeona.

"Goti limepona," Mama akasema. "Hilo bado."