Asubuhi Tanuri Lilipoanguka

Muuza mkaa anadai kwamba tanuri la mikate lilipoangushwa na mvua ya usiku, mama yake Chiriku alitoka nje, akaona matofali yamelala kwenye matope, akaangua kicheko na kuanza kuimba. "Nawaambia, karukwa na akili yule," aliwaeleza wateja wake. "Nani anamwimbia Mungu juu ya kifusi?"

Kuimba aliimba, lakini hakucheka. Alishika kiuno, kisha akaingia ndani kunawa mikono. Unga wote wa nyumbani ulikuwa umekandwa tangu jana, na sasa umeumuka hadi ukingo wa beseni. Usipookwa asubuhi hiyo ungechacha, na unga mwingine hawakuwa nao.

"Chiriku mwanangu, kata madonge," alisema, akaanza wimbo wake wa kila siku wa kumsifu Mungu.

Chiriku, binti wa miaka kumi na mmoja ambaye mdomo wake haupumziki, leo alinuna. "Mama, tunamsifu kwa lipi? Tanuri hatuna!"

"Kwani nilikuwa naliimbia tanuri? Namwimbia Mungu. Yeye hajaanguka. Haya, lete sufuria kubwa."

Mama alitandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria, akapanga mikate juu yake katika makopo, akafunika na kuweka makaa juu ya kifuniko. Mkupuo wa kwanza uliungua juu, katikati ukabaki uji.

"Si nilisema!" Chiriku aliguna.

"Umesema. Sasa punguza makaa."

Wa pili ulitoka mwekundu, umeiva, ila umbo lake lilikuwa la ajabu.

"Hii mikate au kofia?" wateja walimtania Chiriku alipoitembeza barabarani.

"Kofia za kuliwa, shangazi! Onja kwanza!"

Kufikia adhuhuri sinia lilikuwa tupu. Mama alimpa kipande alichomwekea. "Kumsifu Mungu hakuzuii mvua, mwanangu. Kunanizuia mimi nisikae chini kulia hadi unga uchache. Mtumaini, halafu shika kazi."

Muuza mkaa alikuwa amesimama mlangoni. Hakuulizia mkate.

"Chiriku," alisema kwa sauti ndogo, "kijana wangu aliyesafiri hajapiga simu tangu mwezi uliopita. Silali. Hebu niimbie na mimi ule wimbo, mjukuu wangu."

Chiriku alimtazama mama yake. Mama aliendelea kusugua sufuria, na Chiriku akauanza wimbo.