Pistoni Iliyokataa Kuingia

Kila alipotoka shuleni, binti wa fundi alivua sare, akanawa mikono hadi viwikoni, ndipo akaingia kwenye karakana ya baba yake iliyokuwa ubavuni mwa nyumba. Kunawa ilikuwa sheria. Humo zilitengenezwa pampu za mafuta zinazonyanyua mizigo mizito, na chembe moja tu ya mchanga ingetosha kuziharibu.

Siku hizo baba alikuwa akiunda pampu ndogo, ukubwa wa kikombe cha chai, ya kunyanyulia kitanda cha kaka yake binti huyo. Kaka alikuwa ameumia uti wa mgongo, na kila alipotaka kuketi, mama alimwinua kwa mikono. Sasa mama mwenyewe alitembea amejishika kiuno. Pampu za kawaida zilikuwa kubwa mno, hazikuenea chini ya kitanda.

"Leo pistoni utaziingiza wewe, fundi mwenzangu," baba alisema, kisha akaenda kununua mafuta.

Binti kichwa kikamvimba. Vile vipande vya chuma viliingia kwenye matundu yake taratibu, isipokuwa kimoja. Hicho kilikuwa kimekaa dirishani, kimepigwa na jua mpaka kikapata moto. Alikisukuma, wapi! Akaona haya kumsubiri baba kwa jambo dogo kama lile. Alichukua msasa, akakisugua, akakisugua tena, hadi kikateleza ndani.

Jioni, kwa majaribio, walipanga mifuko ya saruji juu ya kitanda badala ya kaka, baba akawasha pampu. Kitanda kilipanda nusu, kikakwama, kisha kikaanza kushuka. Akajaribu tena, mambo yakawa yale yale.

Baba aliketi sakafuni. "Mchoro wangu ndio mbovu," alimwambia mama. "Pampu nimeifanya ndogo kupita kiasi. Kesho naifumua, niachane nayo kabisa. Nisamehe, mama watoto."

"Usijali, baba. Nitaendelea kumwinua mwenyewe," mama alijibu, lakini sauti yake ilikuwa imechoka.

Roho ilimsuta binti. Akinyamaza, nani atajua? Akamtazama mama anavyojinyoosha mgongo, akashindwa kuvumilia.

"Baba, mchoro wako hauna kosa. Pistoni moja ilikataa kuingia, nikaisugua kwa msasa."

Baba aliitoa, akaipima, akatikisa kichwa. "Ilikuwa juani?"

"Ndiyo, baba."

"Chuma kikipata moto hutanuka. Ungeiacha ipoe, ingeingia. Sasa imepungua unene, na mafuta yanapenya pembeni badala ya kusukuma."

Kesho yake alichonga pistoni nyingine. Binti aliisubiri ipoe, akaiingiza. Safari hii mifuko ya saruji ilipanda hadi juu, ikatulia. Ndipo wakamlaza kaka. Mama alisimama pembeni, mikono tayari, kwa mazoea. Kitanda kikamwinua kijana polepole mpaka akaketi wima.

Baba alimgeukia binti yake. "Kuharibu kipande si neno, vipande tunachonga kila siku. Lakini ungenyamaza, ningetupa kazi isiyo na kosa, na mama yako angezidi kuumia bure. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, ili tutengeneze palipoharibika."

"Nimeelewa, baba."

"Mama," kaka aliita kutoka kitandani, "na wewe leo keti."

Mama akashusha mikono, akavuta kiti, akaketi karibu naye.