Unywele wa Tatu

Asubuhi hiyo Tatu hakufagia banda la kuku. Angefagia nini? Kicheche aliingia usiku akaua kuku wote. Walikuwa kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Mama yake aliwaacha alipofariki kule Kisarawe, naye Tatu akawaleta kwake Tangini, Kibaha. Sasa yalibaki mayai tu kwenye kapu.

Mumewe, Badru, aliyapanga kwenye mashine ya kutotolesha. Aliiunda mwenyewe kwa sanduku la mbao, kioo na balbu.

"Yale ya kwanza uliyoweka humu yalikufa yote," Tatu alisema. "Vifaranga vilikaukia ndani ya ganda. Haya nayo yakifa, nitakuwa nimemzika mama mara mbili."

Badru aliwasha balbu.

Siku za kutotoa zilipokaribia, jirani yao Mama Brighton alikuja kuwajulia hali. Yeye hutotolesha vifaranga vya kuuza. Alichungulia kwenye kioo.

"Joto ni sawa, lakini nahisi hewa ni kavu. Ikikauka, utando wa yai humbana kifaranga, hatoki. Tengenezeni kipima unyevu. Unywele mmoja unatosha."

"Unywele?" Badru alishangaa.

"Ndiyo. Unywele wa mtu ukipata unyevu hurefuka. Ukikauka hufupika."

Badru aliokota unywele sakafuni. Alikata mshale wa boksi, akaubana upande mmoja kwa pini kwenye kibao ili uchezecheze. Alining'iniza unywele kwenye msumari, akaugundisha kwenye mshale. Kwenye ncha akabandika sarafu iuvute chini.

Wakafunika kifaa kwa taulo bichi ili kukijaribu. Mshale haukusogea hata kidogo.

"Basi unyevu uko sawa," Badru alisema.

Wanaume bwana! Mama Brighton aliushika ule unywele, akacheka. "Badru jamani, hii si rasta ya dukani? Plastiki itajuaje unyevu?"

Tatu alikuwa amesuka juzi tu, kwa ajili ya harusi ya wifi yake. Alikaa mkekani, akaanza kufumua.

"Na harusi je?" Badru aliuliza.

"Harusi itanikuta hivi hivi."

Alitafuta unywele wake mrefu kuliko zote. Wakauosha kwa sabuni, maana mafuta huzuia unyevu. Chini ya taulo bichi mshale ulishuka polepole. Hapo wakaweka alama. Wakakiingiza kifaa kwenye mashine, mshale ukapanda juu kabisa.

"Kukavu!" Tatu alisema. "Mayai ya mama yangu!"

"Kikombe hicho cha maji hakitoshi," Mama Brighton alisema. "Wekeni sinia pana. Na msifungue fungue mlango."

Mshale ukashuka karibu na alama.

Siku ya kutotoa ilifika. Asubuhi kimya. Mchana kimya. Tatu alijilaza akageukia ukutani. "Yamekufa. Msinidanganye."

Jioni Badru aliita. Yai moja lilikuwa na ufa.

Mengi hayakupasuka kamwe, yalikuwa yamekauka muda mrefu mno. Vilitoka vifaranga vitatu tu. Cha kwanza kilikuwa na shingo tupu.

Tatu alilia kwa sauti. "Kuku wa mama," alisema. "Kuku wa mama huyu."

Harusini alikwenda amejifunga mtandio. Unywele wake ulibaki kwenye mashine.