Lindo la Jiwe la Nne

Wenzake kazini walimwita Futi, kwa kuwa tangu aanze upimaji wa ardhi hakuwahi kukosea hata futi moja. Jioni ile alikuwa anakwenda kukosea futi themanini, tena kwa makusudi.

Kiwanja kilikuwa cha marehemu mjomba wake. Kabla ya kufa alikitoa sadaka, zijengwe nyumba arobaini za askari waliolemaa vitani, wale waliokuwa wakilala kwenye baraza za maduka. Mtoto wa marehemu hakulala kwa uchungu. Akamfuata Futi, akamweleza kwamba jiwe la nne la mpaka likisogezwa kidogo tu, kisima na njia vingebaki upande wake, na bila maji wala njia hakuna atakayejenga. Wakaguzi wangefika asubuhi. Futi alikuwa na mke mjamzito na chumba cha kupanga, naye binamu akamwahidi kipande. Tamaa mbele, mauti nyuma, lakini nani hukumbuka methali akiahidiwa kiwanja?

Jua lilikuwa linazama alipopiga magoti mbele ya jiwe, sururu mkononi.

Tok... tok... tok... Kitu kilikuwa kinagonga ardhi nyuma yake.

"Simama. Unafanya nini kwenye lindo langu?"

Mzee mwenye sare iliyochakaa, gongo kwapani. Mguu wake wa kushoto uliishia gotini. Alinukia rangi ya viatu, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya kidonda cha siku nyingi.

"Shikamoo, mzee."

Mzee akalitazama jiwe, kisha sururu.

Futi akadanganya kwamba amekuja kukagua jiwe. Mzee akabaki palepale. Giza lilikuwa linaingia na kazi haijaanza, basi Futi akatumia ulimi wake mtamu.

"Umechoka, mzee wangu. Nenda kalale. Mimi nitabaki hapa."

Mzee akainua kichwa.

"Unanipokea?"

"Nakupokea."

"Lindo lote?"

"Lote, mzee."

Mzee akashusha pumzi ndefu. Akaliegemeza gongo kwenye jiwe, akageuka, akaondoka.

Aliondoka kwa miguu miwili.

Futi alizisikia buti zote mbili, kushoto, kulia, kushoto... kisha hakusikia kitu. Akataka kukimbia. Mguu wake wa kushoto ukagoma. Akaupapasa chini ya goti, akakuta nyama ya baridi isiyojua kwamba inaguswa.

Asubuhi wakaguzi walimkuta amesimama wima, gongo kwapani. Jiwe lilikuwa mahali pake, wakauthibitisha mpaka, wakaenda zao. Binamu aliondoka bila kuaga. Mkewe Futi alikuja mbio, akamvuta huku analia. Kila walipofika hatua ya tatu kutoka kwenye jiwe, Futi alianguka.

"Mke wangu," akanong'ona, "sema tu unanipokea. Nikalale."

Mke akafungua kinywa. Alimpenda, angekubali lolote. Mwenyekiti wa wale askari, aliyekuwa karibu kwenye kiti chake cha magurudumu, akamdaka mkono.

"Usiseme, binti yangu. Askari haachi lindo mpaka apokewe."

Akamweleza kwamba sajini wao wa mguu mmoja aliapa hatatoka kwenye lile jiwe mpaka nyumba ya mwisho iezekwe. Akaugua, wakambeba hadi barazani, akafa huko. Yapata miaka miwili sasa.

"Na nikinyamaza?" mke akauliza.

Mwenyekiti akatazama nyasi za kiwanja kitupu. "Basi tujenge haraka."

Leo nyumba tisa zimeezekwa, na wenyewe wanalala ndani. Wapita njia wa jioni huisikia sauti ya upole ikiwaomba kitu kidogo tu, wakaongeza mwendo bila kuitikia. Mke wa Futi peke yake ndiye husimama, mtoto mgongoni. Humsikiliza mpaka mwisho. Na siku hizi humchukua muda mrefu zaidi kusema hapana.