Beseni la Maji Machafu

Kuosha vyombo vya mchana ilikuwa zamu ya Chiriku, msichana aliyepewa jina hilo kwa kupenda kusema. Kila mara aliona kinyaa. Mafuta yaliganda juu ya maji, makombo yaliyovimba yalinasa kwenye tundu la sinki, na sponji iliteleza kama kamasi. Akimaliza alinawa kwa sabuni, akarudia, akarudia tena, mpaka vidole vikapasuka na kutoa damu.

"Malkia bado anaogesha vidole?" kaka yake alimtania.

Shangazi yao alikuwa mtaalamu wa saikolojia. Alikuwa akiunda tiba kutokana na mafundisho ya kale ya Mashariki kuhusu akili: mtu aketi, afuate pumzi yake, aitazame hisia ikija na kuondoka, asipigane nayo. Iliwasaidia watu wazima. Kabla ya kuwafundisha washauri wa shule, alitaka kuijaribu kwa mtoto.

Alimwekea Chiriku beseni la maji ya vyombo yaliyolala. "Unahisi nini, mwanangu?"

"Nimetulia, shangazi."

Uongo mtupu. Alikuwa akipumulia mdomo ili asinuse, macho yakiwa ukutani. Alitaka kumfurahisha.

"Vizuri sana! Jumatatu nawafundisha wenzangu hivihivi."

Jioni sabuni ilichoma vidonda vya Chiriku. Akawafikiria watoto wengine wakiketishwa mbele ya uchafu ule, wakijifanya wametulia huku mikono ikizidi kupasuka. Akarudi kwa shangazi, akasema yote.

Shangazi alimrudishia beseni mbele yake. "Kumbe nimekuwa nikipima uongo. Haya, vuta pumzi kwa pua. Sema unachohisi, hata kama kinachukiza."

"Yananuka kama yai viza! Mate yananijaa. Nataka kutapika, nataka kunawa!"

"Usinawe. Endelea kuniambia."

Chiriku aliendelea, huku uso ameukunja. Kinyaa kilipanda, kikakaa, kisha kikaanza kushuka chenyewe.

Shangazi aliahirisha mafunzo, akabadilisha tiba: mtoto ataanza na sponji safi iliyolowa kabla ya kufikia maji machafu, tena atasema kwa sauti kila anachohisi. Baada ya majuma kadhaa vidole vya Chiriku vilipona. Kinyaa hakikumwisha, ila hakikumtuma tena kwenye sabuni.

"Kuona kinyaa si kosa," shangazi alimwambia. "Kosa ni kunificha. Ungeendelea kunifurahisha, ningewafundisha wenzangu tiba mbovu, na wewe ungebaki na vidonda vyako. Mgonjwa akidanganya, hata daktari hodari anatibu hewa."